Ubao wa Magurudumu Upewe Mahali Pake



Muhula uliopita chama chetu cha majadiliano kilijadili kama mchezo wa ubao wa magurudumu, ambao wengine huuita skeitibodi, wafaa kuruhusiwa shuleni. Waliokataa walishinda. Mimi nilikuwa upande wa walioshindwa, wala sina kinyongo, kwa maana wenzetu walisema vizuri na kwa adabu. Lakini dakika 5 anazopewa msemaji hazitoshi, na mambo ya maana hayakusemwa kabisa. Nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi niyaseme hapa, mahali ambapo kengele haitanikatiza.

Hoja iliyopigiwa makofi mengi ni kwamba mchezo huu ni wa ng'ambo, hauna asili kwetu, na kwamba kijana wa West Nile anayesimama juu ya ubao anaigiza sinema tu. Nataka kuanza na hoja hiyo, kwa sababu ndiyo iliyonichoma.

Kwanza tuangalie mchezo wenyewe ulianzaje. Katika miaka ya 1950, huko California katika Marekani, walikuwako vijana waliozoea kuteleza juu ya mawimbi ya bahari kwa mbao ndefu. Siku ambazo bahari ilitulia hawakuwa na la kufanya. Basi wakachukua viatu vya magurudumu, wakavifungua, wakapigilia magurudumu yale chini ya ubao au chini ya sanduku la mbao, wakateremka nayo mitaani. Magurudumu ya kwanza yalikuwa ya chuma. Yakafuata ya udongo mgumu. Yote mawili yalikuwa mabaya. Kijiwe kidogo kama punje ya mahindi kililisimamisha gurudumu ghafula, na ubao ukabaki nyuma huku mpandaji akiendelea mbele peke yake. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ndipo Frank Nasworthy alipoleta magurudumu ya poliyurethani, yaani plastiki ngumu kiasi lakini yenye kunepa kidogo kama mpira, na hapo mchezo ukapata nguvu.

Maana yake ni kwamba kwa miaka kama 20 mchezo huu ulikuwa wa watoto waliokosa vifaa, wakajitengenezea kwa vitu vilivyoondolewa kwenye vitu vingine. Sasa nawauliza wenzangu mliokulia Koboko, Maracha, Yumbe au Arua: je, habari hiyo ni ngeni kwenu?

Mimi nilikulia Koboko. Barabara itokayo Vurra, ikapita Arua na Koboko, hata kufika Oraba kwenye mpaka wa Sudani ya Kusini, ina urefu wa km 92. Kabla haijatiwa lami ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Katikati ya miaka ya 2010 lami ilipofika kwetu, wafanya biashara walifurahi kwa sababu zao, nasi watoto tulifurahi kwa sababu zetu. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na mteremko ulio laini.

Vigari vya mbao tulikuwa navyo tangu zamani, lakini vya magurudumu ya mbao, vinavyosukumwa katika vumbi. Lami ilipokuja tulianza kutafuta beringi. Fundi wa pikipiki akibadili beringi za gurudumu la bodaboda, zile kuukuu huzitupa katika kopo lenye mafuta machafu. Kopo hilo lilikuwa hazina yetu. Beringi mbili zilitosha nyuma, moja mbele, na ubao wa sanduku la sabuni ukawa kiti. Kipande cha mbele kilishikwa kwa bolti moja ili kiweze kugeuka, na kamba ikafungwa huku na huku, ndiyo usukani. Breki zilikuwa sapatu za miguuni. Mama yangu alishangaa mwaka mzima kwa nini sapatu zangu huisha kisigino tu. Beringi moja isiyokwama tulibadilishana kwa maembe 10, na katika msimu wa maembe hata 20, maana msimu huo embe halina thamani kwetu.

Mlio wa beringi za chuma juu ya lami hausahauliki. Watu wazima waliusikia kabla hawajatuona. Tulikuwa watoto wa Kikakwa, wa Kilugbara, wa Kinubi; na baada ya vita vya mwaka 2016 wakaja wenzetu waliokimbia kutoka Yei, nao wakiongea Kiarabu cha Juba. Kila mmoja alikuwa na lugha ya nyumbani kwao, lakini Kiswahili ndicho kilichotumika kugombania zamu. (Wapo wanaouliza Kiswahili kina faida gani kwetu. Jibu langu ni hilo.)

Ubao wa kweli ulifika kwetu ukiwa mtumba. Ndugu wa rafiki yangu aliununua sokoni Owino, Kampala, akidhani ni sehemu ya meza. Tuligeuza tukaona magurudumu manne, tukafahamu. Siku ile tulikuwa watoto 11 na ubao mmoja. Tulipanga zamu kwa kuhesabu: kila mtu ateremke mara moja, na akianguka kabla ya mwembe wa kwanza apewe mara ya pili, kwa kuwa tuliona si haki mtu angoje saa nzima kwa ajili ya hatua mbili. Kanuni hiyo hatukufundishwa na mtu. Nimekwisha kucheza mpira wa miguu katika timu ya bweni kwa miaka minne sasa, na sijaona timu inayomhurumia namna hiyo mchezaji aliye dhaifu.

Tofauti ya kigari na ubao ni kwamba kigari hukaliwa, ubao husimamiwa. Hapana usukani wala kamba. Mtu hugeuka kwa kuinamisha uzito wa mwili, na vyuma vilivyo chini ya ubao hupinda kidogo upande alioinamia. Mguu mmoja husukuma ardhi. Ukiogopa na kurudi nyuma, ubao hukutoroka. Kwa hiyo mahali pa kuogopa ndipo pa kuinama mbele. Nilijifunza jambo hilo kwa magoti.

Ubao ule ulikuwa na beringi 8, mbili katika kila gurudumu, ndogo sana: tundu lake milimita 8 na upana wa nje milimita 22. Fundi wa pikipiki hakuwa nazo. Tulizisafisha kwa petroli na kuzipaka mafuta ya cherehani. Lakini ubao wenyewe tulishindwa kuuponya. Mbao hizo hutengenezwa kwa tabaka 7 nyembamba za mti uitwao mepo, zilizogandishwa kwa gundi, nasi tuliuacha nje usiku wa mvua. Tabaka zikaachana, ubao ukavimba, ukavunjika katikati. Seremala mmoja akatukatia mwingine wa mvule. Ulikuwa mzito kama kizingiti cha mlango, haukunepa hata kidogo, lakini ulikwenda. Tuliutumia muda mrefu kuliko ule wa kwanza.

Hayo ndiyo ninayoyaita asili. Wala hayako kwetu tu. Upande wa pili wa mpaka, katika Kongo ya Mashariki, watu wa Goma wana chukudu, kigari kirefu cha mbao cha magurudumu mawili, kinachobeba viazi, makaa na mbao kwa mamia ya kilo, na mwenye nacho hupiga goti juu yake wakati wa kuteremka mlima. Wamekiheshimu hata kukisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Mtoto wa Goma anayeteremka na chukudu haambiwi kwamba anaigiza sinema. Na mpira wa miguu je? Uliletwa Uganda na wamisionari na Waingereza mwishoni mwa karne ya 19, na leo mtu akisema si mchezo wetu atachekwa hata na bibi yake.

Sasa nije kwenye hoja ya hatari, ambayo ni nzito zaidi, na ambayo naiheshimu. Katika majadiliano mwenzetu mmoja alisema, "Ubao ni kaburi lenye magurudumu." Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu namjua kijana aliyegongwa na lori.

Alikuwa na umri wa miaka 11. Ilikuwa alasiri, siku ya soko, na malori yalikuwa yakienda mpakani. Aliteremka vizuri, wala hakuanguka. Lori lilikata kona ya kuingia pembeni na yeye hakuwa na mahali pa kwenda. Mungu alimponya, lakini mguu ulivunjika mahali pawili, na mpaka leo hutembea kwa kuuburuta kidogo. Jioni ile ile wazazi walipita nyumba kwa nyumba wakakusanya vigari na mbao zote. Vilipasuliwa kuwa kuni. Tulikatazwa kabisa, na nadhani mzazi yeyote angefanya vile.

Lakini yapasa tutazame yaliyofuata, kwa maana hapo ndipo hoja ya wenzetu inapokatika. Baada ya miezi miwili kopo la fundi lilikuwa tupu tena. Watoto walikuwa wamejenga vigari vingine, wakahamia nje ya mji, ambako lami hupita porini na magari hukimbia zaidi. Walikwenda jioni sana, wakati wazazi wamo jikoni au msikitini au katika sala za kanisa. Kabla ya marufuku mtu mzima aliweza kutoka nje akatukemea. Baada ya marufuku hapakuwa na mtu mzima wa kutukemea. Mimi mwenyewe nilihamia shule mwaka uliofuata, lakini wadogo zangu wameniambia kwamba mambo ni yale yale.

Yule mtoto hakuvunjwa mguu na ubao. Alivunjwa kwa kuwa katika mji mzima mahali laini palikuwa pamoja tu, nako ndiko yapitako malori. Uwanja wa mpira wa shule una majani na mashimo ya mchwa. Ua wa kanisa ni changarawe. Ukumbi una sakafu nzuri lakini una vioo.

Hapa Arua si tofauti sana. Tangu tarehe 1 Julai 2020 Arua ni jiji, na barabara nzuri zimeongezeka. Vijana wenye mbao, nao si wengi, huteleza kwenye baraza za maduka siku ya Jumapili maduka yakiwa yamefungwa, au kwenye vituo vya petroli, mpaka mlinzi aje na fimbo. Mlinzi simlaumu, ni kazi yake. Hapa shuleni ubao ukionekana hutwaliwa na mwalimu wa zamu na kurudishwa siku ya kufunga shule. Katika stoo sasa zimo mbao tatu na kigari kimoja, na nani ajuaye kama panya hawajala gundi yake.

Basi iko njia gani? Njia ilikwisha kuonyeshwa katika nchi yetu wenyewe, tena na vijana. Kitintale ni mtaa wa watu wa kawaida upande wa mashariki wa Kampala, katika njia ya kwenda Port Bell. Mwaka 2006 kijana wa pale, Jackson Mubiru, pamoja na mgeni aitwaye Shael Swart na vijana wa mtaa, walijenga kwa mikono yao uwanja wa zege wa kuteleza, wenye mteremko huku na mteremko huku kama bakuli lililokatwa, katikati ya nyumba za watu. Ndio uliokuwa wa kwanza Uganda. Nilizaliwa mwaka ule ule, kwa hiyo uwanja wa Kitintale na mimi tu marika. Kutoka hapo kikazaliwa chama cha mchezo huo nchini, nao watoto wa mtaa, wavulana kwa wasichana, wakajifunza kwa mbao chache walizoazimana. Mpiga picha wa Uswisi, Yann Gross, aliwapiga picha zilizoonekana Ulaya. Katika picha hizo zege limekwaruzika na kingo zimemeguka, lakini motakaa halimo hata moja.

Majirani zetu nao wamejenga. Mwaka 2013 katika nyumba ya watoto ya Shangilia, mtaani Kangemi, Nairobi, ulijengwa uwanja mkubwa wa zege kwa msaada wa chama cha Wajerumani kiitwacho skate-aid. Mwaka 2016 Addis Ababa ikapata wake, kwa kazi ya wenyeji na mafundi wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Viwanja hivyo ni vizuri kuliko cha Kitintale, ukitazama kwa jicho la fundi. Hata hivyo mimi napenda zaidi habari ya Kitintale, maana kingo zikimeguka, aliyezijenga yupo karibu na anajua kuchanganya saruji. Kitu cha msaada kikiharibika mara nyingi hungoja msaada mwingine. Tunayo pampu ya maji hapa shuleni iliyotufundisha hayo.

Wengine watasema ni mchezo wa watoto, nasi ni watu wa kidato cha tano na cha sita. Katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyoitwa ya 2020 ikafanyika 2021, ubao wa magurudumu uliingizwa kwa mara ya kwanza. Msichana wa Kijapani, Momiji Nishiya, alipata nishani ya dhahabu akiwa na umri wa miaka 13. Na katika michezo hiyo hiyo alikuwako Mwafrika wa Afrika ya Kusini, Dallas Oberholzer, mwenye umri wa miaka 46, ambaye alirudi tena Paris mwaka 2024 akiwa na 49. Kati ya 13 na 49 nadhani sisi tumo.

Habari ya Nishiya nimeileta pia kwa sababu nyingine. Katika majadiliano hakuna aliyetaja wasichana, wala upande wetu. Pale Koboko, kati ya wale watoto 11, wawili walikuwa wasichana, na mmoja wao ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika mwembe wa pili bila kuanguka. Alipofikia miaka 12 aliambiwa nyumbani kwamba haipendezi, akaacha. Dada zetu wa shule ya jirani wangeruhusiwa kuja siku za Jumamosi pamoja na mwalimu wao, kama wanavyokuja kwa kwaya, sioni aibu iko wapi.

Sasa nasema na ninyi wanafunzi wa zamani, ambao kila mwaka mnatuchangia, nasi twashukuru. Nyuma ya jiko la zamani uko msingi wa bweni ambalo halikujengwa. Mnaujua, wengine wenu mlibeba mawe yake. Nimeupima kwa hatua: urefu kama meta 15, upana kama meta 10. Nikimwuliza mwashi, akaniambia sakafu ya unene wa sentimeta 10 yatosha kwa watu na mbao. Hiyo ni meta za ujazo 15 za zege, na kwa mchanganyiko wa moja kwa mbili kwa nne itataka mifuko ya saruji kama 100. Mchanga na kokoto twaweza kubeba wenyewe. Kumwagilia maji kwa siku 7 ili zege lisipasuke twaweza pia, maana kazi ya kumwagilia bustani tumeizoea kama adhabu. Mteremko mmoja mdogo wa upande utatosha kwa kuanzia, wala hauhitaji fundi wa ng'ambo.

Wasiopenda ubao hawatapoteza. Mahali hapo patafaa kwa mpira wa kikapu na mpira wa pete, na msimu wa mavuno mpishi ataweza kuanika muhogo bila kuutandaza kando ya barabara kuu, ambako tunaula pamoja na moshi wa malori. Kanuni nazo ziwepo: saa za michezo tu, kofia ngumu kichwani, hata ikiwa ni ya bodaboda, na mwalimu wa zamu aweze kuona. Mwenye kuteleza barabarani anyang'anywe ubao wake muhula mzima, nami nitaunga mkono adhabu hiyo.

Lililoniudhi katika majadiliano yale si kushindwa. Ni kwamba baada ya kura watu walitoka wakaenda kula, kana kwamba jambo limekwisha. Usiku ule, karibu saa 3, nilisikia mlio wa beringi ukiteremka barabara iliyo nje ya lango. Hawakuwa wa shule yetu. Walikuwa watoto wadogo wa mtaani, na lori la mizigo lilikuwa likipanda kutoka upande wa chini. Nilisimama dirishani mpaka nikasikia yote mawili yamepita.

Mwalimu mkuu amekubali tujadili tena muhula ujao, safari hii juu ya ule msingi na siyo juu ya mchezo. Wanafunzi wa zamani walio Arua na Koboko wanakaribishwa kusikiliza na kusema. Mwenye kutupinga aje na hoja zake. Mwenye mfuko wa saruji amwone katibu wa chama cha majadiliano. Na fundi yeyote mwenye beringi za milimita 22, tafadhali asizitupe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita